Mtakatifu Yoane Bosco na Kibanda cha Valdocco

Yoane Bosco alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kijiji cha Becchi, nchi ya Italia. Babaye alikufa mtoto akiwa hajatimiza miaka miwili. Mamaye, Margherita, alimlea kwa jembe na kwa sala. Yoane alijifunza kutembea juu ya kamba, na majirani walikuja kumtazama. Lakini kwanza iliwapasa kusali naye Rozari.

Mwaka 1841 alipewa upadri, akakaa katika mji wa Torino. Huko aliona vijana wengi waliotoka vijijini kutafuta kazi ya uashi na kubeba chokaa. Siku za kazi mabwana waliwapiga. Siku ya Dominika walizurura, na wengine waliishia gerezani. Padri Bosco akaanza kuwakusanya kila Dominika kwa Misa, katekismu na michezo.

Ndipo taabu ilipoanza. Vijana walikuwa mia na zaidi, na kelele zao nyingi mno! Walifukuzwa karibu na makaburi, wakafukuzwa penye vinu vya unga, wakafukuzwa hata shambani, kwa kuwa miguu yao iliua majani. Bibi tajiri Barolo, aliyemlipa mshahara, alimtaka achague: kazi yake au vijana. Akachagua vijana. Wengine walidhani ana wazimu. Mapadri wawili wakaja na gari la farasi ili wampeleke hospitali ya wenye wazimu. Padri Bosco kwa heshima akawaacha wakubwa wapande kwanza, kisha akafunga mlango upesi na kumwagiza mwenye farasi aende mbio. Wakafika wao bila yeye!

Siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1846, walipata kibanda huko Valdocco, pembeni ya mji. Urefu wake ulikuwa metre 15 hivi, na dari ilikuwa chini sana, hata ikabidi kuchimba sakafu. Kikawa kanisa lao. Vyumba vya jirani vikawa masomo ya jioni, na wafanyakazi walikuja na chokaa mikononi kujifunza kusoma na kuhesabu. Uwanja ulikuwa wa wote.

Mwezi wa Julai Padri Bosco aliugua mapafu, akapewa Mpako Mtakatifu. Waashi wadogo wakafunga chakula huku wakifanya kazi juani, wakasali kwa zamu mbele ya Bikira Maria. Akapona. Wakambeba kwa kiti mpaka kanisani.

Margherita alikuja kukaa naye, akauza nguo zake za arusi ili watoto wapate kula. Vipimo vya nchi vilipobadilishwa, mwaka 1849 Padri Bosco aliandika kitabu kidogo cha kufundisha vipimo vipya, watu wa kazi wasidanganywe. Mwaka 1852 aliandikiana mapatano na mabwana wa kazi: kijana asipigwe, na siku za sikukuu apumzike.

Mwaka 1859 alianzisha shirika la Wasalesiani. Alifariki tarehe 31 Januari 1888, na Papa Pio XI alimtangaza mtakatifu mwaka 1934.

Wasalesiani walifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1911 pamoja na Padri Joseph Sak. Mji ulikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, nao ulijaa vijana waliotoka vijijini kutafuta kazi ya shaba. Mwaka uliofuata wakafungua masomo. Baadaye, katika mji huohuo, walifungua nyumba ya Bakanja kwa watoto wanaolala barabarani.