Stevie Ray Vaughan: Mpiga solo aliyeushinda ulevi

Tunapopiga Texas Flood usiku, simu za wasikilizaji huanza kuingia. Wengine huuliza ni gitaa gani linalolia hivyo, wengine wanataka kujua mpigaji yuko wapi siku hizi. Leo tunawajibu kwa maandishi, ili mwenye simu asome kwa nafasi yake.

Mpigaji ni Stevie Ray Vaughan, Mmarekani aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 1954 mjini Dallas, jimbo la Texas. Alifariki mwaka 1990 akiwa na umri wa miaka 35.

Muziki wake ni blues iliyochanganywa na roki. Blues ni muziki wa Wamarekani weusi wa kusini mwa nchi ile, watu waliolima pamba na kuimba shida zao. Stevie alikuwa mzungu, lakini aliwaheshimu wazee wa blues kama walimu wake, akina Albert King na Buddy Guy, na mara zote aliwataja.

Nyumbani kwao maisha yalikuwa ya kawaida. Baba alikuwa kibarua, tena mnywaji wa pombe. Kaka yake, Jimmie, ndiye aliyetangulia kushika gitaa, na Stevie akamfuata. Gitaa lake la kwanza, alilopata akiwa na miaka 7, lilikuwa la kuchezea watoto. Hakwenda shule ya muziki. Alisikiliza santuri za kaka yake, akarudia sauti moja baada ya nyingine mpaka vidole vikazoea. Kabla ya kutimiza miaka 18 aliacha shule, akahamia mji wa Austin kupiga kwenye mabaa.

Huko Austin aliunda bendi ya Double Trouble. Tommy Shannon alipiga besi, Chris Layton akapiga dramu. Watu watatu tu, lakini mlio wao ulijaza ukumbi. Stevie alitumia nyuzi nene kuliko wapigaji wengi, na aliziminya kwa nguvu mpaka ngozi ya vidole ikachanika. Ikichanika, aliiziba kwa gundi akaendelea na kazi.

Mwezi Julai 1982 bendi ilialikwa kwenye tamasha la Montreux, Uswisi. Hawakuwa hata na albamu. Sehemu ya watazamaji waliwazomea, na bendi ikatoka jukwaani imeumia. Kumbe miongoni mwa waliokuwepo alikuwa David Bowie, mwimbaji mkubwa wa Uingereza, ambaye alipendezwa na gitaa lile. Jackson Browne naye alipowasikia huko huko aliwapa nafasi ya kurekodi bure katika studio yake mjini Los Angeles. Baya la usiku mmoja lilizaa mema mawili.

Bowie alimwita Stevie kupiga gitaa kwenye albamu yake ya Let's Dance, iliyotoka mwaka 1983 na kusikika dunia nzima. Alitakiwa pia kuzunguka naye kwenye maonyesho. Safari ilipokaribia, Stevie alijitoa, akarudi kwa wenzake wawili. Wengi walidhani amepiga teke riziki. Mwaka huo huo ikatoka albamu ya kwanza ya Double Trouble, iliyotokana na zile siku chache za studio ya bure.

Albamu hiyo ilibeba jina la wimbo Texas Flood. Wimbo wenyewe si wa Stevie. Larry Davis aliurekodi kwanza mwaka 1958. Unahusu mafuriko yaliyokata laini za simu, na mtu anayeshindwa kumpata mpenzi wake. Sisi tunaoishi mahali ambapo mvua ikizidi barabara hukatika na mtandao hupotea, habari hiyo haihitaji mkalimani.

Sifa zilikuja pamoja na sumu. Stevie alionja pombe tangu utotoni, akaja kuongeza kokeini. Tarehe 27 Agosti 1986 baba yake alifariki. Mwezi mmoja baadaye, akiwa ziarani Ujerumani, Stevie alianguka mgonjwa, akitapika damu. Alitibiwa London, kisha akarudi Marekani na kuingia kituo cha kuwasaidia waraibu. Shannon naye aliingia matibabu wakati huo huo.

Hofu yake kubwa ilikuwa kama ataweza kupiga gitaa bila kulewa. Alikuwa hajui kufanya kazi hiyo akiwa na akili timamu. Jibu lilikuja mwaka 1989 na albamu ya In Step, ambayo ndani yake aliimba waziwazi juu ya kupona kwake. Albamu hiyo ilishinda tuzo ya Grammy. Jukwaani alizoea kusimama katikati ya wimbo na kuwasihi vijana wajitunze.

Tarehe 26 Agosti 1990 alipiga huko Alpine Valley, jimbo la Wisconsin, pamoja na Eric Clapton, Buddy Guy, Robert Cray na kaka yake Jimmie. Baada ya onyesho, usiku wa manane, alipanda helikopta. Kulikuwa na ukungu. Helikopta iligonga kilima na watu wote 5 waliokuwamo walifariki. Ilikuwa tarehe 27 Agosti, siku ile ile aliyofariki baba yake miaka 4 nyuma.

Albamu aliyorekodi na Jimmie ilitoka wiki chache baada ya mazishi. Mjini Austin kuna sanamu yake kando ya maji.

Kifo kilimkuta akiwa na karibu miaka 4 bila pombe wala dawa. Kama nyumbani kwako yupo anayepambana na ulevi, mweleze habari hii. Aliyedhani hawezi kupiga bila chupa alipiga vizuri zaidi alipoiacha.