Sidney Kidman: Mfugaji aliyepanga mifugo yake kwa kufuata mito

Katika historia ya ufugaji wa kibiashara duniani, ni watu wachache waliowahi kushika ardhi kubwa kama Sidney Kidman wa Australia. Biashara yake ilipokuwa katika kilele, mwanzoni mwa karne ya 20, yeye na wabia wake walikuwa na ranchi zilizoenea katika zaidi ya kilometa za mraba 250,000, eneo linalozidi nchi nzima ya Uganda. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa kame, mbali na miji na mbali na reli, na wengi waliomtangulia kufuga humo walikuwa wamefilisika.

Makala haya yanaeleza jinsi mtu huyo, aliyeanza bila mtaji wa maana, alivyopanga mifugo yake katika nchi isiyokuwa na uhakika wa mvua. Yanaeleza pia mambo aliyoyaacha nje ya mpango wake, kwani hayo nayo yana somo kwa mfugaji na mfanyabiashara wa leo.

Shilingi tano na farasi mwenye jicho moja

Kidman alizaliwa Mei 9, 1857 huko Athelstone, karibu na mji wa Adelaide, Australia Kusini. Baba yake alikuwa mkulima, na alifariki dunia Sidney akiwa bado mtoto mchanga. Mwaka 1870, akiwa na umri wa miaka 13, Sidney aliondoka nyumbani akiwa na shilingi tano mfukoni na farasi mwenye jicho moja aliyemnunua kwa akiba yake mwenyewe. Alielekea bara, kwenye kazi za mifugo.

Miongoni mwa waajiri wake wa mwanzo alikuwamo George Raines, mtu asiyekuwa na ardhi, ambaye alizunguka na mifugo popote alipokuta majani yasiyozungushiwa uzio. Kwa Raines, na kwa wachungaji wa Kiaborijini ambao ni wenyeji wa asili wa nchi ile, kijana huyo alijifunza kusoma nchi: maji yalipo, majani yanayodumu baada ya mvua kukatika, na njia ya kupita na mifugo bila kuipoteza.

Baadaye aliajiriwa katika ranchi ya Mount Gipps. Alipoomba aongezewe mshahara, akafukuzwa kazi. Hakutafuta mwajiri mwingine. Alinunua maksai wa kukokota mikokoteni, akaanza kubeba mizigo kwa malipo. Shaba ilipogunduliwa Cobar na watu wakafurika huko, yeye hakushika sururu. Alifungua bucha, akawauzia wachimbaji nyama, na pamoja nayo unga, chai na sukari. Mfanyabiashara mdogo ataliona hesabu hilo mara moja: mchimbaji anaweza kupata shaba au akakosa, lakini kula ni lazima ale.

Mwaka 1878 alirithi pauni 400 kutoka kwa babu yake, akazitia katika ununuzi na uuzaji wa farasi na ng'ombe. Katika miaka hiyo alipata pia hisa moja kati ya 14 za mgodi wa Broken Hill kwa kutoa ng'ombe 10, kisha akaiuza kwa faida ya pauni 150. Mgodi huo baadaye ulizaa moja ya kampuni kubwa kabisa za madini duniani. Utajiri huo ukampita. Wake ulikuja kwa kwato.

Mstari ambao wakulima waliupuuza

Ili kuuelewa mpango wa Kidman ni vema kwanza kujua yaliyowapata wengine. Mwaka 1865 mpimaji mkuu wa ardhi wa Australia Kusini, George Goyder, alizunguka jimbo hilo baada ya ukame mkali na kuchora mstari kwenye ramani. Kusini ya mstari kulikuwa na mvua ya kutosha kilimo. Kaskazini yake mvua haikutabirika, hivyo alishauri pawe mahali pa malisho tu.

Zikaja mvua nzuri katika miaka ya 1870. Wakulima wakaona Goyder amekosea, na mwaka 1874 serikali ikaruhusu kilimo ng'ambo ya mstari. Watu walikopa, wakajenga nyumba za mawe, wakalima ngano. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1880 uliwaondoa wengi wao, na hadi leo magofu ya nyumba hizo yanaonekana kandokando ya mstari ule.

Wenye ranchi nao walifanya kosa la aina hiyo hiyo. Walihesabu mifugo ambayo ardhi ingeweza kulisha katika mwaka mzuri, wakakopa benki kwa hesabu hiyo, wakajaza mifugo. Mwaka 1901 tume iliyoundwa na serikali ya New South Wales kuchunguza hali ya nchi kavu ya magharibi mwa jimbo hilo ilikuta malisho yameharibiwa na wingi wa mifugo, sungura na ukame, na wafugaji wamezama kwenye madeni.

Mwaka mzuri ndio uliotumika kama kipimo cha mpango, na hilo ndilo Kidman alilolikwepa.

Mnyororo wa ranchi

Mwaka 1885 Kidman alimwoa Isabel Wright, aliyekuwa mwalimu, na wakaishi Kapunda, mji ulioko kaskazini mwa Adelaide. Mwaka uliofuata, 1886, alipata ranchi yake ya kwanza, Owen Springs, katikati ya bara karibu na Alice Springs. Kwa ubia na kaka yake Sackville, aliyefariki mwaka 1899, akaendelea kuongeza nyingine.

Ukizitazama ranchi hizo kwenye ramani unaona kwamba hazikununuliwa ovyo. Zilipangwa kama shanga kwenye uzi. Uzi mmoja ulitoka kaskazini karibu na Ghuba ya Carpentaria, ukashuka kupitia magharibi mwa Queensland hadi Australia Kusini. Mwingine ulipita katikati ya bara kuelekea kusini huko huko. Mwisho wa nyuzi zote mbili ulikuwa reli na soko la Adelaide.

Siri ya uzi wa kwanza ni mito ya Georgina, Diamantina na Cooper. Mvua za masika hunyesha kaskazini, lakini maji yake hushuka polepole kusini kwa mamia ya kilometa, yakisambaa katika vijito visivyohesabika kwenye tambarare. Wiki nyingi baada ya mvua, majani huota mahali ambapo huenda halijadondoka hata tone moja. Ng'ombe aliyefika hapo amekonda hunenepa haraka.

Hivyo kila ranchi ilikuwa na kazi yake. Za kaskazini zilizalisha ndama. Za bondeni zilinenepesha. Za kusini zilikuwa vituo vya kupumzisha ng'ombe kabla ya kuwapakia kwenye treni katika kituo ambacho sasa kinaitwa Marree, ambako reli ilifika mwaka 1884. Ng'ombe waliswagwa takriban kilometa 15 kwa siku, wakila njiani kwenye ardhi ya mwenyewe. Mfanyabiashara mwingine aliyepitisha mifugo katika njia hiyo hiyo alitegemea huruma ya watu kwa majani na maji.

Kiuchumi, mpango huo ulikuwa na faida tatu. Kwanza, ukame haukuweza kumpiga kila mahali kwa wakati mmoja, hivyo palipokauka mifugo ilihamishiwa palipo na majani. Pili, gharama ya kusafirisha ilikuwa ndogo kwa sababu ng'ombe walijisafirisha wenyewe na walifika wakiwa na uzito. Tatu, Kidman aliweza kuchagua wakati wa kuuza. Alitumia sana simu za maandishi kupata habari za mvua na bei kutoka sehemu mbalimbali, akajua ng'ombe wa wapi waondoke na waelekee soko lipi.

Mtaji mkubwa wa kununulia ardhi haukuhitajika. Sehemu kubwa ya ranchi hizo ilikuwa ardhi ya serikali iliyokodishwa kwa mkataba, na nyingi alizichukua baada ya wenyewe kushindwa, wakati bei ilikuwa chini.

Ukame nao ulimfikia

Haina maana kwamba hakupata hasara. Ukame mkubwa uliofikia kilele mwaka 1902 ulimuulia ng'ombe wengi sana. Tofauti yake na jirani zake ni kwamba alibaki na sehemu nyingine zilizokuwa hai, na mvua iliporejea alikuwa na mbegu ya kuanzia. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ukame mwingine ulimrudisha nyuma tena, wakati huo akiwa mzee.

Katika maisha yake binafsi alikuwa mtu wa matumizi madogo. Hakunywa pombe, hakuvuta sigara wala kutukana, na alichukia kuona mali inapotezwa ovyo katika ranchi zake. Hata hivyo, alijua kutoa. Katika Vita Kuu ya Kwanza alichangia farasi, magari ya wagonjwa na ndege za kivita. Mwaka 1921 alitunukiwa cheo cha Sir, na mwaka huo huo aliitoa nyumba yake ya Kapunda kwa idara ya elimu iwe shule ya sekondari. Alistaafu mwaka 1927, akafariki dunia Septemba 2, 1935 mjini Adelaide.

Lawama zake

Wapo waliomsifu na wapo waliomlaumu, na lawama hizo zina uzito. Ya kwanza ni kwamba alivuna kuliko alivyopanda. Katika ranchi nyingi alizochukua hakutengeneza uzio wala majengo ipasavyo, wafanyakazi walipunguzwa, na wapinzani wake walisema anaikausha nchi badala ya kuijenga. Ardhi ya kukodi ina tatizo hilo: mkataba unapokwisha, faida ya kisima au ya malisho yaliyopumzishwa huenda ikamwendea mwingine. Mtu mwenye hesabu kali hawekezi mahali ambapo hatavuna.

Ya pili ni kubwa zaidi. Nchi aliyokodi ilikuwa na wenyewe kabla ya mikataba hiyo kuandikwa. Waaborijini hawakuulizwa. Walibaki katika ranchi za bara kama wachungaji hodari ambao bila wao kazi isingekwenda, lakini kwa miaka mingi malipo yao katika sekta hiyo yalikuwa kidogo, na mara nyingi yalikuwa chakula na nguo tu. Uamuzi wa kuwalipa sawa na wachungaji weupe ulitolewa mwaka 1966 na kuanza kutumika mwaka 1968, miaka 33 baada ya Kidman kufariki.

Kampuni yake iliendelea kuwa mikononi mwa warithi hadi mwaka 2016, ilipouzwa kwa kampuni ya Hancock Prospecting ya Gina Rinehart pamoja na mbia kutoka China. Ranchi zilizouzwa zilikuwa bado zinafuata mito ile ile.

Somo kwa mfugaji wetu

Mfugaji wa Longido, Simanjiro au Turkana anaposoma habari hizi anaweza kusema hakuna jipya, kwani babu zake walihamisha ng'ombe kati ya malisho ya masika na ya kiangazi bila kwenda Australia. Ni kweli kabisa. Kidman alifanya biashara kwa kutumia elimu ambayo wafugaji wengi wanayo. Alichoongeza ni mambo matatu: haki ya kisheria ya kupita na kulisha njia nzima, habari za mvua na soko, na uamuzi wa kuuza mapema kabla ng'ombe hajakonda.

Mambo hayo hayahitaji ranchi kubwa kuliko Uganda. Vijiji jirani vinavyopanga matumizi ya ardhi vinaweza kukubaliana kwa maandishi juu ya njia za mifugo na malisho ya akiba, badala ya kila kijiji kuchora mpaka wake peke yake na kumwachia jirani ukame. Simu ya mkononi leo inaleta bei ya mnada haraka kuliko simu za maandishi za Kidman. Na mfugaji mwenye ng'ombe 40 anaweza kuuza 10 wangali na uzito, akanunua chakula cha mifugo au akaweka fedha za kununulia mitamba baada ya mvua, kuliko kusubiri na kuuza ngozi.

Wapangaji wa maendeleo ya maeneo ya wafugaji, serikalini na katika halmashauri, nao wana la kujifunza. Lambo moja au uzio mmoja uliowekwa kwa kuangalia mwaka wa neema hauwezi kuitwa mpango. Hesabu ianzie kwenye mwaka mbaya, iseme mifugo itakwenda wapi na kwa haki gani, kisha iwataje wenye nchi hiyo kwa majina na kuwapa sababu ya kuyatunza majani ya kesho. Hili la mwisho Kidman hakulifanya, na ndiyo maana sifa yake imebaki nusu.