Michezo/Marekani: Hobey Baker, nyota wa hoki aliyekataa mshahara, jina lake likabaki kwa wanaolipwa

Kila mwaka, mwezi wa Aprili, vyuo vikuu vya Marekani humtangaza mchezaji wao bora wa hoki ya kwenye barafu. Tuzo anayopewa ina jina la Hobey Baker. Wengi walioipata wamekwenda moja kwa moja kwenye ligi kuu ya kulipwa, NHL, ambako mshahara huhesabiwa kwa mamilioni ya dola. Lakini mwenye jina hilo hakuwahi kucheza kama mchezaji wa kulipwa. Alifariki tarehe 21 Desemba 1918 katika ajali ya ndege ya kivita huko Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 26, vita vikiwa vimekwisha na karatasi ya kumruhusu arudi nyumbani ikiwa tayari mfukoni mwake.

Mashariki mwa Congo, ambako barafu ya kudumu huonekana tu kwenye vilele vya Ruwenzori, mchezo huu haujulikani sana. Wachezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini, huteleza kwa kasi kubwa, na kila mmoja hushika gongo la kusukumia kisahani kigumu cha mpira hadi kwenye goli la adui. Leo kila timu ina watu sita uwanjani pamoja na kipa. Wakati wa Baker walikuwa saba, na huyo wa saba alikuwa mchezaji huru, mwenye ruhusa ya kushambulia na kulinda popote. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya Baker.

Hobart Amory Hare Baker alizaliwa tarehe 15 Januari 1892 karibu na mji wa Philadelphia, katika jimbo la Pennsylvania. Familia yake ilikuwa na mali na jina. Akiwa na miaka 11, yeye na kaka yake Thornton walipelekwa kusoma katika shule ya bweni ya St. Paul's, mjini Concord, jimbo la New Hampshire. Baridi ya huko hugandisha maziwa kwa miezi kadhaa, na shule hiyo ilikuwa kati ya za kwanza nchini Marekani kucheza hoki. Mwalimu Malcolm Gordon ndiye aliyemfundisha. Inasimuliwa kwamba kijana huyo alikuwa akitoka usiku kwenda kuteleza peke yake gizani, ili azoee kuongoza kisahani bila kukitazama.

Mwaka wa 1907 benki nyingi za Marekani zilitikisika na baba yake akapoteza sehemu kubwa ya mali. Pesa zilizobaki zilitosha kumpeleka mtoto mmoja tu chuo kikuu. Thornton, aliyekuwa mkubwa, alikubali kumwachia mdogo wake nafasi hiyo. Hobey alibaki mwaka mmoja zaidi pale St. Paul's ili baba apate muda wa kukusanya karo, kisha mwaka wa 1910 akaingia Chuo Kikuu cha Princeton, katika jimbo la New Jersey. Miaka yote iliyofuata, kila sifa aliyoipata ilikuwa na deni la kaka aliyekubali kubaki nyuma.

Kanuni ya chuo ilimruhusu mwanafunzi kuwa katika timu mbili tu za kwanza. Baker alichagua mpira wa Kimarekani na hoki. Katika mpira wa Kimarekani alikuwa kwenye kikosi cha Princeton kilichohesabiwa bingwa wa nchi mwaka wa 1911, na mwaka wake wa mwisho alikuwa kapiteni. Alicheza bila kofia ya kukinga kichwa, na watu walizoea kumwona akidaka mpira huku tayari anakimbia, nywele zake za dhahabu zikionekana kutoka mbali. Katika hoki, Princeton ilihesabiwa bingwa wa vyuo mwaka wa 1912 na tena mwaka wa 1914.

Wakati huo Princeton haikuwa na uwanja wa barafu wa ndani. Mechi kubwa zilichezwa New York, kwenye uwanja wa St. Nicholas. Wapinzani walimpiga kwa magongo na kumsukuma ukutani ili kumzuia, lakini yeye hakulipiza. Inasimuliwa kwamba katika miaka yake yote ya chuo aliadhibiwa na mwamuzi mara moja tu. Baada ya mechi alikuwa na desturi ya kuingia chumba cha wapinzani, kuwapa mkono na kuwashukuru, awe ameshinda au ameshindwa.

Alimaliza masomo mwaka wa 1914 na kuajiriwa katika benki ya J.P. Morgan mjini New York. Mchana alikaa mezani na hesabu, kazi ambayo haikumfurahisha hata kidogo. Usiku alichezea klabu ya St. Nicholas, timu ya watu wasiolipwa. Matajiri wa mji walifika kwa magari kumtazama, na wenye uwanja walikuwa wakibandika mlangoni tangazo la kwamba usiku huo Baker atacheza. Yeye aliwaomba waliondoe, kwa sababu hakupenda kuinuliwa juu ya wenzake.

Hapo ndipo lilipokuja swali la pesa. Nchini Kanada wachezaji walikuwa tayari wanalipwa, na baada ya kuonyesha uwezo wake mbele ya timu za Montreal, klabu za huko zilimtaka. Baker alikataa. Katika tabaka alimozaliwa, mtu wa familia yenye jina hakupaswa kuuza mchezo wake. Kucheza kwa mshahara kulionekana kuwa kazi ya watoto wa wafanyakazi.

Uamuzi huo ulisifiwa sana, na hadi leo wengi huutaja kama alama ya usafi wake. Lakini una upande wa pili. Waliojaa uwanjani kumwona walilipa kiingilio, na pesa hizo hazikumfikia yeye. Aliyependa hoki kuliko kitu chochote alitumia mchana wake katika ofisi asiyoipenda, kwa sababu desturi iliona aibu kupokea mshahara wa mchezo lakini haikuona aibu kupokea mshahara wa benki. Tena, kukataa pesa ni rahisi zaidi kwa mwenye jina la kumfungulia mlango mwingine. Mtoto wa mchimba mgodi wa Kanada hakuwa na mlango huo.

Baker alitafuta mahali pengine pa kupata msisimko alioukosa ofisini. Mwaka wa 1916 alianza kujifunza urubani karibu na New York. Vita vikuu vya kwanza vya dunia vilikuwa vinaendelea. Ni mwaka huo huo ambapo askari wa Force Publique kutoka Congo walifika Tabora. Marekani ilipoingia vitani mwaka wa 1917, Baker alikuwa kati ya marubani wa kwanza kuvuka bahari. Mwezi wa Novemba mwaka huo, akiwa Ufaransa, ligi ya NHL ilizaliwa mjini Montreal.

Kwenye uwanja wa vita alithibitishiwa kuangusha ndege tatu za adui, na Ufaransa ikampa nishani ya Croix de Guerre. Mwaka wa 1918 alipandishwa cheo kuwa kapiteni na kukabidhiwa kikosi cha 141 cha ndege. Ndege za kikosi chake alizipaka rangi za Princeton, nyeusi na chungwa.

Silaha zilinyamaza tarehe 11 Novemba 1918. Wiki chache baadaye, huko Toul, mashariki mwa Ufaransa, Baker alipokea amri ya kurudi nyumbani. Kabla ya kuondoka aliamua kuruka mara ya mwisho. Marubani wenzake walijaribu kumzuia. Alichukua ndege iliyokuwa imetoka kutengenezwa, ili aijaribu mwenyewe. Muda mfupi baada ya kupaa injini ilizimika. Angeweza kutua mbele kwa nguvu na kuvunja ndege. Badala yake alijaribu kugeuka kurudi uwanjani. Ndege ikaanguka. Watu wake walimtoa akiwa bado anapumua, lakini alikata roho dakika chache baadaye. Mwaka wa 1921 mwili wake ulirudishwa kuzikwa Pennsylvania.

Princeton ilijenga uwanja wa barafu kwa jina lake na kuufungua mwaka wa 1923. Mwaka wa 1945, Jumba la Heshima la Hoki nchini Kanada lilipotaja kundi lake la kwanza, Baker alikuwa Mmarekani pekee ndani yake. Mwaka wa 1975 aliingizwa pia katika jumba la heshima la mpira wa Kimarekani wa vyuo. Ni yeye peke yake aliyemo katika majumba yote mawili.

Tuzo yenye jina lake ilianza kutolewa mwaka wa 1981. Wa kwanza kuipata, Neal Broten wa Chuo Kikuu cha Minnesota, baadaye alifunga goli lililoipa New Jersey Devils kombe la Stanley mwaka wa 1995. Cale Makar wa Chuo Kikuu cha Massachusetts aliipokea mwaka wa 2019 na siku chache tu baadaye akafunga goli katika mechi yake ya kwanza ya NHL, akiwa na Colorado. Mwaka wa 2022 timu hiyo ilitwaa kombe. Johnny Gaudreau wa Boston College, mshindi wa 2014, alicheza NHL miaka kumi, hadi mwezi wa Agosti 2024 alipogongwa na gari akiendesha baiskeli pamoja na mdogo wake Matthew. Wote wawili walifariki.

Tangu mwaka wa 2021, wachezaji wa vyuo wameruhusiwa kupata pesa kwa jina na picha zao hata kabla ya kumaliza masomo. Hakuna anayewacheka kwa hilo. Wanaopokea tuzo ya Baker hawaambiwi wakatae mkataba kama alivyofanya yeye. Wanapochaguliwa huangaliwa uwezo wao uwanjani, bidii yao ya masomo na heshima yao kwa wapinzani. Hilo la mwisho ndilo linalowezekana kwa mchezaji yeyote, awe analipwa au halipwi.