Charles Hamilton Houston, mwalimu aliyewaandaa mawakili wa kuupinga ubaguzi

Mwanzoni mwa mwaka 1960, wajumbe Waafrika wa Kenya walipokutana na Serikali ya Uingereza katika jumba la Lancaster House, London, kujadili katiba, walikuwa na mshauri wa sheria kutoka Marekani, Thurgood Marshall. Ndiye aliyewaandikia rasimu ya haki za msingi. Aliyemfunza Marshall kazi hiyo alikuwa amefariki dunia miaka kumi kabla, na jina lake halikujulikana sana nje ya nchi yake. Aliitwa Charles Hamilton Houston.

Houston alizaliwa jijini Washington tarehe 3 Septemba 1895, mtoto wa wakili. Mwaka 1915 alihitimu katika Chuo cha Amherst, akiwa mwanafunzi pekee mweusi katika darasa lake, kisha akafundisha Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Howard. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza alijiunga na jeshi akawa ofisa, akapelekwa Ufaransa. Huko, dharau waliyofanyiwa askari weusi na maofisa weupe wa jeshi lao wenyewe ilimchoma kuliko hatari ya vita. Aliporudi nyumbani alikwisha kuazimia kusomea sheria. Akaingia Harvard, akawa mtu mweusi wa kwanza katika bodi ya wahariri wa jarida la sheria la chuo hicho, na mwaka 1923 akatunukiwa shahada ya udaktari wa sheria.

Mwaka 1929 alikabidhiwa uongozi wa Shule ya Sheria ya Howard kwa cheo cha naibu mkuu. Wanafunzi wengi wa shule hiyo walikuwa watu wazima waliofanya kazi mchana na kusoma usiku, na shule yenyewe haikuwa na ithibati ya Chama cha Wanasheria cha Marekani. Houston aliyafunga masomo ya jioni. Uamuzi huo uliwaudhi wengi, na lawama zao zilikuwa na msingi, kwa kuwa kijana maskini aliyetegemea mshahara wa mchana alifungiwa mlango. Yeye aliona kwamba wakili mweusi aliyeandaliwa nusunusu angewaangamiza wateja wake mbele ya majaji ambao tayari hawakuwatakia mema. Mwaka 1931 ithibati ilipatikana.

Marshall alikuwa miongoni mwa walioipitia shule hiyo mpya. Mama yake aliweka rehani pete zake za uchumba na ndoa ili kupata karo, naye kijana akawa anasafiri kila siku kwa treni kutoka Baltimore, kwa kuwa shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Maryland, iliyokuwa karibu na kwao, haikupokea weusi. Houston hakumhurumia. Siku za mwanzo aliwaonya wanafunzi kwamba wengi wao hawangefika mwisho, na ndivyo ilivyokuwa. Walimbandika jina la Viatu vya Chuma.

Hata hivyo, ukali huo haukuwa wa mtu anayekaa mbali na wanafunzi wake. Aliwapeleka mahakamani, polisi na magerezani wakaone sheria inavyomwangukia mtu wa kawaida. Baadaye, usiku wa kuamkia kesi ya Gaines katika Mahakama ya Juu mwaka 1938, alizijaribu hoja zake mbele ya wanafunzi na wahadhiri wa Howard, nao wakamhoji kama majaji. Mwalimu alikubali kuhojiwa na wale aliowahoji darasani.

Marshall alihitimu mwaka 1933 akiwa wa kwanza, akifuatwa na Oliver Hill, aliyekuja kuwa wakili mashuhuri wa Virginia. Miaka miwili baadaye mwalimu na mwanafunzi walisimama bega kwa bega katika mahakama ya Baltimore wakimtetea Donald Murray, na jaji akaamuru kijana huyo apokewe katika shule ileile ya Maryland. Mwaka huohuo Houston aliondoka Howard kuongoza kazi ya sheria ya NAACP, jumuiya ya kutetea haki za Wamarekani weusi. Mkakati wake ulikuwa kuanza na vyuo vya juu, ambako majimbo yalishindwa kabisa kuonyesha kwamba huduma zilizotengwa zilikuwa sawa, kisha kushuka hadi shule za watoto. Aliporudi katika uwakili wa binafsi, Marshall alishika nafasi yake.

Kazi hiyo ilimchosha moyo. Alifariki kwa maradhi ya moyo tarehe 22 Aprili 1950, akiwa na umri wa miaka 54 na mwana mdogo nyumbani. Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba kutenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Miongoni mwa mawakili walioshinda siku hiyo walikuwemo Marshall, Hill na wengine waliofunzwa Howard.