Freddie Mercury: Mtoto wa Zanzibar aliyefika mbali kwa piano ya daraja la 4

Kijana wa Same anayetaka kujifunza piano leo anaweza kuanza na simu. Anafungua kinanda cha mtandaoni, funguo nyeupe na nyeusi zinajaa kwenye kioo, anabonyeza. Piano yenyewe ni adimu, iwe mjini au juu milimani kule Mamba na Gonja. Kilichopo ni kinanda cha kwaya, na hicho kina mwenyewe na kina siku zake.

Kwa kijana huyu, maisha ya Freddie Mercury yana somo. Wengi wanamjua kama mwimbaji wa bendi ya Queen. Kumbe alianza kama mpiga piano, na alizaliwa hapa hapa kwetu.

Barua ya mkuu wa shule

Jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, India. Baba yake alikuwa keshia katika serikali ya kikoloni ya Waingereza.

Akiwa na miaka 8 hivi, alipelekwa kusoma bweni India, shule ya St Peter's, Panchgani. Huko mkuu wa shule aliona mtoto ana kipaji cha muziki, akawaandikia wazazi kuwashauri waongeze ada kidogo ili afundishwe piano vizuri.

Wazazi wangeweza kusema ada ya kawaida inatosha. Wakalipa.

Freddie alifika daraja la 4, wakati mitihani ile ina madaraja 8. Yaani aliishia nusu ya njia. Lakini sikio lake lilikuwa kali: akisikia wimbo redioni, anakaa kwenye piano na kuupiga. Mwaka 1958 yeye na wenzake shuleni waliunda bendi, The Hectics. Kazi yake humo ilikuwa piano.

Kutoka Zanzibar hadi Wembley

Alirudi Zanzibar mwaka 1963. Januari 1964 yakatokea Mapinduzi, na mwaka huo familia ikahamia Feltham, London. Freddie akasomea sanaa ya michoro, akamaliza 1969. Mwaka uliofuata aliunda Queen pamoja na Brian May na Roger Taylor. John Deacon akajiunga 1971.

Mwaka 1975 ukatoka Bohemian Rhapsody, wimbo alioutunga kwenye piano. Ulikaa namba moja Uingereza kwa wiki 9. Ukimwangalia akiupiga jukwaani, utaona mkono wa kushoto unavuka juu ya wa kulia kwenda kugusa sauti za juu.

Tarehe 13 Julai 1985, kwenye tamasha la Live Aid uwanja wa Wembley, aliingia jukwaani akaenda kukaa kwenye piano. Queen walianza na wimbo huo huo.

Alifariki London tarehe 24 Novemba 1991 kwa homa ya mapafu iliyotokana na UKIMWI, siku moja tu baada ya kuutangazia umma kwamba anaumwa. Alikuwa na miaka 45. Mwaka 2023 piano yake aina ya Yamaha iliuzwa kwa mnada London kwa zaidi ya pauni milioni 1.7.

Unaanzaje na simu?

Piano kubwa ina funguo 88, lakini usiogope. Ni sauti 12 tu zinazojirudia kutoka chini kwenda juu. Angalia funguo nyeusi: zimekaa mbili, kisha tatu, kisha mbili tena. Tafuta zile mbili. Nyeupe iliyo kushoto kwao, inayogusana nao, ndiyo do. Kutoka hapo nenda kulia, nyeupe kwa nyeupe: re, mi, fa, so, la, ti, mpaka do nyingine. Ukiwa umeimba kwaya kwa nota hizi, tayari unazo kichwani.

Simu ina mipaka yake. Vidole kumi havienei kwenye kioo, na kioo hakijui kama umebonyeza kwa nguvu au taratibu. Ni ya kuanzia tu. Siku moja lazima ukae kwenye kinanda chenyewe.

Freddie naye hakuanza na Yamaha ya mamilioni. Alianza na mkubwa mmoja aliyemsikia, na wazazi waliokubali kulipa. Kwa hiyo, mwalimu wa kwaya, kama kuna mtoto anayebaki nyuma baada ya mazoezi akikiangalia kinanda, mwache akiguse kidogo kabla hujakifunika kitambaa.