Walter Bell, mwindaji wa tembo aliyetegemea risasi ndogo

Wakaaji wa Masisi na Walikale wamesikia milio ya bunduki kuliko wanavyotaka. Walioichunguza risasi yenyewe ni wachache: ganda la shaba, fataki chini, baruti ndani, na kichwa kilichobanwa mdomoni mwa ganda. Kichwa kikizamishwa mno, nafasi ya baruti inapungua na mlipuko unazidi nguvu. Kikitokeza mno, kinagusa mistari iliyochongwa ndani ya mtutu, ao risasi inakataa kuingia. Ndiyo maana wanaojitengenezea risasi za kuwinda hupima kwa sehemu ndogo za milimita, wanapiga shabaha, kisha wanapima tena.

Walter Bell, aliyezaliwa Scotland mwaka 1880, aliijua hasara ya risasi mbaya akiwa porini. Alifika Mombasa akiwa kijana wa miaka 17 hivi, reli ya Uganda ikijengwa, akapewa kazi ya kuua simba. Bunduki yake ilibeba risasi moja tu, na kwenye joto ganda tupu lilikwama ndani. Simba yuko mbele, na wewe unahangaika na ganda!

Alipitia Kanada kwenye dhahabu, akapigana vita ya Afrika Kusini, kisha mwaka 1902 akarudi kuwinda tembo Karamoja, Uganda. Wenzake walibeba bunduki nzito zenye kuumiza bega. Yeye alichagua ya milimita 7, yenye ganda la urefu wa milimita 57 na kichwa kirefu, kigumu, cha gramu 11 hivi, kinachopenya bila kupasuka. Alikata fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. Alijaribu bunduki ndogo zaidi, lakini risasi mbovu zilimfanya aiache. Zile za milimita 7 kutoka Ujerumani hazikumwangusha.

Aliwinda pia Lado, kaskazini mwa Ituri ya leo, sehemu iliyokuwa mikononi mwa mfalme Leopold mpaka alipokufa mwaka 1909. Kwa jumla aliua tembo 1,011. Ustadi wake tunaukubali. Hesabu hiyo ni vigumu kuishangilia. Mbuga ya Kahuzi-Biega, ambayo sehemu yake inaingia Walikale, ilipoteza tembo wengi wakati wa vita za miaka ya 1990, na waliowaua hawakuhitaji kupima risasi.

Wakati wa vita kuu ya kwanza Bell alirusha ndege Tanganyika. Alikufa kwao Scotland mwaka 1954.