Shaaban Robert Aliuliza Kwanza

Mimi ni mtu wa pwani, lakini riziki imenileta Rongai, karibu na Nakuru. Bahari hapa hakuna. Kuna mahindi, na ukishuka upande wa Mogotio kuna mkonge. Kila niuonapo mkonge huo huikumbuka Tanga, na nikiikumbuka Tanga humkumbuka marehemu Sheikh Shaaban Robert.

Mtungaji huyu alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909. Tangu 1926 alikuwa karani wa serikali, akianzia forodhani. Chakula chake kilitoka katika ukarani, na vitabu akaviandika humo humo katikati ya kazi za watu.

Vijana wa hapa wanaopenda kutunga huniuliza mwandishi hupata wapi habari zake. Mimi huwapa kisa cha Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa Unguja. Jina la bibi huyu lilikuwa limeenea pwani nzima kwa santuri zake zilizonaswa Bombay kuanzia 1928. Shaaban alipoazimia kuandika maisha yake, angeweza kuokota maneno ya barazani akatosheka. Hakufanya hivyo. Alikutana na Siti mwenyewe, akamwuliza, akamsikiliza. Bibi yule alikuwa mzee, na mwaka 1950 akafariki. Lau mwandishi angengoja, angeyakuta maneno yamekwisha kuzikwa.

Tena kuandika si kuchapisha. Wasifu wa Siti binti Saad ulichapwa 1958, miaka 8 baada ya mwenyewe kufa. Naye Shaaban alifariki 1962. Kufikirika na Utenzi wa Vita vya Uhuru vilitoka Nairobi 1967, wala hakuviona kwa macho yake. Vilitufikia kwa sababu aliviacha vimeandikwa, havikubaki kichwani mwake.

Nayasema haya nikijilaumu mwenyewe. Jirani yangu hapa Rongai ni mzee aliyelelewa katika mashamba ya walowezi kabla ya uhuru wa 1963. Mara nyingi nimenuia kukaa naye niandike habari zake, na kila mara nasema kesho. Juzi nilimtajia mwenzake wa zamani, akanitazama kimya, jina limempotea.

Sina haja ya kungoja tena. Leo baada ya alasiri nitamwendea na daftari, inshallah. Nawe msomaji, ikiwa una mzee nyumbani, usimngoje kesho.